Kinga ya rejeta: zuia jiwe, usizuie hewa

Mawe mengi yanayoipiga rejeta ya pikipiki hayatoki kwenye lori. Yanatoka kwenye gurudumu la mbele la pikipiki yenyewe. Tairi linaokota kokoto kwenye meno yake, linazunguka nazo, kisha linaziachia kuelekea nyuma na juu, pale pale ilipo rejeta. Anayetengeneza kinga huku akiwaza malori peke yake hufunga wavu mzito upande wa mbele na kuacha sehemu ya chini wazi, na huko chini ndiko mawe yanakopita.

Jambo hili linawahusu sana watu wa Migori na Homa Bay. Barabara kuu ya A1 kutoka Isebania kupitia Migori, Awendo na Rongo hadi Kisii ina lami, lakini ukiiacha, ukaingia njia za ndani za Nyatike, Macalder, Ndhiwa au Lambwe, mara nyingi unakanyaga maramu. Kazi ya mizigo iko huko: mbuta na barafu Mbita, magunia ya omena Sori na Muhuru Bay, miwa Awendo, mchanga na mawe ya ujenzi kila mahali.

Kwanza tutenganishe vyombo. Boda boda nyingi za huku ni Bajaj Boxer na TVS HLX, na injini zake hupozwa kwa upepo. Hazina rejeta. Yale mapezi ya chuma yanayozunguka silinda ndiyo yanayotoa joto, na ni magumu kiasi kwamba kokoto haiyadhuru. Mwenye Boxer asihangaike na wavu. Tena nimwombe aondoe turubai alilofunga kwenye vyuma vya kukinga miguu ikiwa limeshuka hadi kuifunika silinda. Linamkinga tope, kweli, lakini linainyima injini upepo ambao ndio pekee unaoipoza.

Wanaohitaji kinga ni wenye injini za maji: pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, ambazo nyingi hutumia injini ya 200 cc yenye rejeta na feni, na vijana wenye pikipiki kama Pulsar NS200. Kwa hizo, rejeta ni kitu laini mno kwa kazi inayopewa. Ndani yake maji hupita katika mirija bapa ya alumini yenye kuta nyembamba, theluthi moja ya milimita hivi. Kati ya mirija kuna mapezi membamba zaidi, unayoweza kuyakunja kwa ukucha.

Jiwe la gramu 20 lina upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Likirushwa na lori, likakutana na rejeta kwa mwendo wa jumla wa kilomita 80 kwa saa, linabeba nguvu sawa na ya kilo moja iliyoangushwa kutoka kimo cha nusu mita, na nguvu yote hiyo inatua kwenye ncha moja ya jiwe. Ukuta wa mrija hauhimili. Kokoto za gurudumu lako hupiga kwa nguvu ndogo zaidi, ila zinapiga mchana kutwa. Hazitoboi mara moja. Hulaza mapezi, eneo dogo leo na jingine kesho, mpaka hewa ikose pa kupita.

Tundu dogo ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, na mahali tulipo panaongeza hatari hiyo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata ufukweni Homa Bay maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Injini ya maji hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko chake, ambacho hushikilia presha na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu na nyuzi 120. Mrija ukitoboka, hata kama maji yanatoka kwa matone tu, presha inakwisha na nafasi hiyo ya usalama inakwenda nayo. Maji yanaanza kuchemka ndani ya hedi huku dereva akiona bado yamo tele. Kinachofuata ni gasketi ya hedi kuungua, hedi yenyewe kupinda, na kwa asiyesimama mapema, pistoni kukwama ndani ya silinda.

Sasa kinga yenyewe. Makosa mengi huanzia kwenye uchaguzi wa wavu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kitu cha kupima ni sehemu gani ya uso wa kinga iko wazi kwa hewa. Chukua wavu wa waya wenye unene wa milimita 1 na matundu ya milimita 12: asilimia 85 ya uso wake ni hewa tupu. Matundu yakiwa milimita 6 kwa waya ule ule, unabaki na asilimia 73. Wapo wanaochukua bati, wakatoboa kwa drili matundu ya milimita 5 yaliyoachana sentimita moja kutoka kitovu hadi kitovu. Kazi hiyo huonekana nadhifu na imara, lakini ukiipigia hesabu, asilimia 20 tu ndiyo iko wazi. Asilimia 80 ya rejeta umeiziba kwa mkono wako. Wavu wa mbu nao hudanganya macho. Kwenye hesabu unaonekana una uwazi wa kutosha, ila matundu yake ni madogo kiasi kwamba hewa hupita kwa kujisukuma, na siku moja ya vumbi jekundu inatosha kuyaziba.

Kwa pikipiki ya mizigo nashauri matundu ya milimita 10 hadi 12. Inakwenda polepole na mzigo mzito, upepo wa mwendo ni mdogo, feni ndiyo inayofanya kazi kubwa, na feni haipendi kizuizi. Ni kweli kwamba kokoto ya milimita 12 itapenya, lakini uzito wake ni kama sehemu ya nane tu ya lile jiwe la gramu 20, na pigo lake hupungua vivyo hivyo. Kwa pikipiki inayokimbia, upepo upo wa kutosha, hivyo milimita 6 hadi 8 zinafaa. Wavu wa aina hii unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ule wa kuanikia kahawa, unaouzwa kwa mita, unafaa sana. Waya wa kuku uuache. Ni mwembamba na mlegevu, na jiwe huusukuma mpaka uguse mapezi.

Anza na boksi la katoni. Likate hadi lilingane na uso wa rejeta, lishike mahali pake, kisha geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Mwambie mtu akalie mbele na kuibonyeza shokomzoba hadi chini. Kama katoni inagusana na gurudumu au madigadi, ipunguze sasa, maana wavu wa chuma ukigusana na tairi barabarani ni ajali. Ukiridhika, kata wavu kwa mkasi wa bati ukiacha sentimita 2 za ziada kila upande, kisha zikunje kuzunguka fremu ya nondo nyembamba au alumini bapa. Lainisha ncha zote kwa tupa.

Kinga ikae mbali na mapezi, milimita 10 hadi 15. Nafasi hii ndiyo inayoruhusu wavu kubonyea unapopigwa bila kuigusa rejeta. Ifunge kwenye bolti zinazoshikilia rejeta kwenye fremu, na kila bolti uiwekee washa ya mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ili kupunguza mtetemo. Usipitishe kamba ya plastiki wala waya katikati ya mapezi. Njia hiyo ni ya haraka, lakini kwa mtetemo wa maramu kamba inasugua mrija taratibu mpaka uvuje, na hapo kinga yenyewe ndiyo imetoboa rejeta. Waya wa shaba ni mbaya zaidi, kwa sababu shaba ikigusana na alumini mahali penye unyevu, alumini huliwa.

Na hili nalisema kwa mkazo kwa mafundi wa jua kali: wavu mweupe uliopakwa zinki usiuchomelee. Moshi wa zinki ukivutwa huleta homa, baridi kali na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Tumia riveti au bolti ndogo. Zinashika vizuri na siku ya kusafisha zinafunguka. Rangi nayo iwe nyepesi, isije ikapunguza matundu.

Kisha rudi chini kwenye gurudumu. Ongeza urefu wa madigadi ya mbele kwa kipande cha mpira wa tairi au tyubu nene, kiteremke hadi kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini, kishikwe kwa bolti mbili na kipande cha bati. Mpira huu huzuia kokoto na tope kabla hazijafika kwenye wavu. Kwa aliye na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, afunge mpira kwanza. Wavu na mpira kwa pamoja havifikii gharama ya kujaza tanki la petroli mara moja.

Kabla ya kuiamini kinga, ijaribu. Pita njia ile ile kwa mzigo ule ule, bila kinga na ukiwa nayo. Mpando wa kutoka Rongo kuelekea Kisii ni kipimo kizuri kwa wa upande huo. Sikiliza feni. Ikiwa sasa inawaka mapema zaidi au haizimi kabisa, wavu ni mzito mno kwa chombo chako, tafuta wenye matundu makubwa zaidi.

Kusafisha ndiko kunakosahauliwa. Wanaofanya kazi usiku kando ya ziwa, Mbita, Sindo na Karungu, wanajua makundi ya wadudu wadogo wa ziwani yanayofuata taa. Asubuhi wavu unakuwa umejaa utando wao. Msimu wa miwa, majani makavu hunasa. Udongo mweusi wa Lambwe na Karachuonyo ukikauka kwenye mapezi hauondoki kwa kufuta, sharti uloweshwe. Fungua kinga, mwaga maji kutoka nyuma ya rejeta kuelekea mbele ili uchafu utoke ulikoingilia, na utumie brashi laini. Mashine ya presha ya kuoshea magari isikaribie mapezi, itayalaza yote. Subiri injini ipoe kwanza: maji baridi juu ya rejeta ya moto huweza kupasua maungio.

Mvua ya masika huanza Machi, na tope lake hufuatwa na vumbi la Juni. Tengeneza kinga kabla ya hapo. Ukiwa tayari uko njiani na ukaona unyevu chini ya rejeta au ukasikia harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, zima injini hapo hapo, usubiri nusu saa kabla ya kugusa kifuniko, na uombe kuvutwa hadi kwa fundi. Usijaribu kufika.