Alama ya kalamu yafichua umri wake

MFANYABIASHARA wa Levolosi, Arusha, anayeletewa kalamu kuukuu ya wino asiridhike na jina tu. Aikague na alama, kwani bei hufuata umri.

Parker ni jina la George Parker, aliyeanzisha kampuni yake Marekani mwaka 1888. Kibanio chenye umbo la mshale kilikuja mwaka 1933. Kwa hiyo Parker ya mshale inayodaiwa kuwa ya mwaka 1920 ina walakini: ama umri umeongezwa, ama kibanio kimebadilishwa.

Nukta nyeupe ya Sheaffer ilianza mwaka 1924, ikiwa ishara ya dhamana ya maisha. Pelikan ya Ujerumani ilisajili alama ya ndege mwari mwaka 1878, lakini kalamu yake ya kwanza ya wino ilitoka mwaka 1929.

Montblanc, pia ya Ujerumani, ina jina la mlima wa Ulaya. Nyota yake nyeupe ya mwaka 1913 ni theluji ya kileleni; tarakimu 4810 kwenye nibu ni urefu wake kwa mita. Meru una mita 4,566.

Alama isipolingana na mwaka uliotajwa, mnunuzi alipie chombo cha kuandikia tu.