Kituo cha afya chenye hakifukuzi mutu

Ni saa mbili ya usiku. Mutoto iko na homa kali, mwili unawaka moto. Mama anamubeba ku mugongo, anatembea mupaka ku mulango wa hospitali. Kitu cha kwanza chenye anaulizwa, hapana “Mutoto anaumwa nini?” Anaulizwa: “Fishe umelipa?” Mama anafungua fundo la kitambaa chake: franga hazitoshi. Anarudia ku nyumba. Kesho asubui ananunua vidonge viwili mu soko, bila kujua vinatunza ugonjwa gani.

Ndugu musomaji, haiko lazima tukuambie huyu mama anaishi wapi. Unamujua. Pengine ni jirani yako. Pengine ni wewe mwenyewe.

Je, iko njia ingine? Watu wenye wanakosa franga wanaweza kutunzwa kwa heshima, ndani ya muji, bila kufukuzwa ku mulango? Tunataka kukuelezea habari ya mutaa moja wa mbali, mu Marekani. Lakini utaona kama mizizi yake ilitoka huku kwetu mu Afrika.

MUTAA KANDO YA TAKATAKA

Mu muji wa Boston kulikuwa mutaa moja, jina lake Columbia Point. Serikali iliujenga mu mwaka 1954: majumba marefu karibu na bahari, kando ya fasi kwenye muji ulikuwa unatupa takataka. Nyumba za jamaa zilikuwa karibu 1,500, na wengi wenye waliishi mule walikuwa masikini. Boston ni muji wa waganga wakubwa na hospitali zenye kujulikana dunia nzima. Lakini mama wa Columbia Point mwenye mutoto mugonjwa alipaswa kupanda busi, kushuka, kupanda ingine, kisha kungojea saa nyingi mu hospitali ya muji. Hivi wengi walingojea mupaka ugonjwa unakuwa mubaya sana, njo wanaenda.

Waganga wawili wa chuo kikuu cha Tufts, Jack Geiger na Count Gibson, walisema: kama watu hawawezi kufika ku munganga, munganga aende kwao. Mu mwezi wa 12 mwaka 1965, walifungua kituo cha afya ndani ya majumba yale yale ya Columbia Point. Franga zilitoka ku serikali, mu programu ya kupiganisha umasikini. Watu wa mutaa waliingizwa mu kazi ya kituo, na walipewa neno la kusema juu ya namna kinaongozwa. Wagonjwa walianza kutunzwa mapema, na wale wenye walipaswa kulala mu hospitali walipunguka.

MUNGANGA ALIJIFUNZA WAPI?

Hapa njo habari inarudi kwetu. Mu mwaka 1957, wakati Geiger alikuwa bado mwanafunzi, alienda mu Afrika ya Kusini. Kule waganga wawili, bwana na bibi yake, Sidney na Emily Kark, walikuwa wameanzisha kituo cha afya mu Pholela, kijiji cha Wazulu, tangu mwaka 1940. Geiger alifanya kazi pale, na tena mu Lamontville, mutaa wa watu weusi mu muji wa Durban.

Mu Pholela hawakungojea tu wagonjwa mu kituo. Walitembelea nyumba kwa nyumba. Waliuliza: Watoto wanakula nini? Maji yanatoka wapi? Choo iko? Walifundisha vijana wa pale pale wakuwe watumishi wa afya. Walionyesha watu namna ya kulima bustani ya mboga, kwa sababu waliona kama ugonjwa wa watoto wengi ulikuwa njaa. Serikali ya ubaguzi haikupenda hii kazi, na bibi na bwana Kark waliacha inchi mu mwaka 1958. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari.

ORDONANSI YA CHAKULA

Mu mwaka 1967 Geiger na wenzake walifungua kituo cha pili, mu Mound Bayou, mu jimbo la Mississippi, kwenye watu weusi walikuwa wanateswa sana na umasikini. Watoto walikuja wamekonda. Waganga walifanya nini? Waliandika ordonansi ya maziwa, mboga na nyama. Mama alienda nayo mu duka la chakula, na kituo kililipa duka kwa franga zenye ziliwekwa kwa ajili ya dawa. Wakubwa walikasirika: franga za dawa haziwezi kununua chakula! Geiger aliwajibu kama, kufuatana na vitabu vyake vya uganga, dawa ya njaa ni chakula.

Haikuishia pale. Walichimba visima, walijenga vyoo, na jamaa nyingi zilijiunga kulima shamba moja la pamoja.

KINAENDESHWA NAMNA GANI?

Leo Marekani iko na mashirika zaidi ya 1,300 yenye kuongoza vituo vya namna hii. Mu mwaka 2023 vilitunza watu zaidi ya milioni 30. Kituo cha Columbia Point kingali kinatumika. Sasa kinaitwa kwa majina ya Geiger na Gibson. Sheria zao kubwa ni hizi:

1. Hakuna mutu wa kufukuzwa juu ya kukosa franga.

2. Kila mutu analipa kufuatana na mapato yake na hesabu ya watu wenye anakulisha. Masikini kabisa analipa kidogo sana, ao halipi kitu.

3. Mu kamati yenye kuongoza kituo, zaidi ya nusu wanapaswa kuwa watu wenye wanatunzwa pale pale. Hivi mama wa mutaa anaweza kumuambia munganga: “Saa za kufungua hazitufai, tunakuwa ku kazi.”

Kuko pia vituo vya bure kabisa, kwenye waganga wanatumika bila mushahara. Kimoja chenye kujulikana sana kilifunguliwa mu San Francisco mwaka 1967 na munganga David Smith. Hivi vinasaidia wengi, lakini vinategemea moyo wa watu na zawadi zao. Siku zawadi zinakauka, mulango unafungwa. Hii ni neno la kukumbuka.

NA KWETU MU MIJI YA SHABA?

Wazee wetu wanakumbuka. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mutumishi aliugua, muke aliugua, mutoto aliugua: wote walitunzwa mu hospitali ya kompanyi. Hakuna mwenye aliuliza franga. Lakini ile ulinzi ilikuwa ya mutumishi na jamaa yake. Wakati kompanyi ilianguka mu myaka ya 1990, ulinzi ulianguka nayo. Mu mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 waliacha kazi mara moja, na jamaa zao zikajikuta mbele ya mulango wa hospitali sawa watu wengine wote: “Fishe umelipa?”

Tunajifunza nini hapo? Afya yenye inategemea kazi ya baba peke yake inakufa siku kazi inakufa. Afya yenye inashikwa na mutaa muzima inaweza kukaa zaidi.

Na hatuanzi na mikono mitupu. Inchi yetu imegawanywa mu zone za afya, na kila aire ya afya inapaswa kuwa na kituo chake na kamati yake ya wakaaji. Katiba ya mwaka 2006, mu kifungu cha 47, inasema kama haki ya afya inalindwa. Mu Bwamanda, kule Equateur ya zamani, hospitali ilianzisha mutuelle mu mwaka 1986: watu walitoa mchango mara moja ku mwaka, wakati wameuza mavuno na franga iko mu mukono. Mutu akilala mu hospitali, alilipa sehemu ndogo tu. Na tangu mwaka 2017 tuko na sheria ya inchi juu ya mutuelle.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Uliza mbele ya kuugua. Nenda ku kituo cha mutaa wako siku yenye uko muzima, uliza bei ya fishe, bei ya kuzaa, na kama kuko bei moja yenye kuingiza dawa pamoja.

Jua vitu vya bure. Chanjo za watoto za programu ya inchi haziuzwi. Dawa za kifua kikuu haziuzwi. Kuzaa bila kulipa kulianza Kinshasa mu mwaka 2023, na kunaendelea pole pole mu majimbo mengine. Uliza kama kumefika kwenu.

Ingia mu kamati. Wengi wanalalamika ku soko, lakini siku ya mukutano viti vinabakia vitupu. Wamama, musiwaachie wababa peke yao: ninyi njo munabeba mutoto usiku.

Anzeni kidogo. Jamaa makumi mbili wenye kuaminiana, wakiweka kitu kidogo kila mwezi mu sanduku moja, na hesabu ikisomwa mbele ya wote, wanaweza kumutoa mama mwenye amezuiwa mu maternite juu ya deni. Bila hesabu ya wazi, sanduku litaleta matata kuliko ugonjwa.

Hatusemi kama sanduku la mutaa litachukua fasi ya serikali. Hapana. Hata Columbia Point, bila franga za serikali, hawangefika mbali. Lakini bila watu wa mutaa pia, franga zingepotea. Mikono miwili njo inanawishana.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA MU JAMAA

Kama mutoto anashikwa na homa leo usiku, tutaenda wapi, na franga gani? Ni nani wa mutaa wetu mwenye iko mu kamati ya kituo cha afya? Mu lupangu letu, ni ugonjwa gani wenye unatoka ku maji, ku choo ao ku njaa?