Mkono Hutangulia, Ulimi Ukafuata

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waliosema hivyo hawakubagua baina ya ndui na huzuni. Lakini sisi watu wa pwani hii tumebagua: mwenye homa tunamkimbiza Msambweni, na mwenye moyo mzito tunamwambia, "Jikaze, wewe mwanamume," hata siku moja aamke hataki chakula, hataki bahari, wala hataki kuwaona wanawe.

Mtu huyo ukimketisha na kumwambia aseme yaliyo moyoni, hana la kusema. Si jeuri, maneno hayamjii. Ndipo wataalamu walipoona kuwa mkono waweza kutangulia, ulimi ukafuata. Mwingereza Adrian Hill, mchoraji, aliugua kifua kikuu mwaka 1938, akawa akichora akiwa mgonjwa na kuona faida yake. Mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa. Huko Marekani, Margaret Naumburg akaiunganisha na mazungumzo: mgonjwa achore, kisha aulizwe juu ya alichokichora.

Na hapo ndipo penye siri yake. Mvuvi akichora mashua isiyo tanga, haulizwi ana nini. Huulizwa mashua ile yaelekea wapi, na nani yumo ndani. Naye hujibu habari za mashua, na kidogo kidogo hujikuta aizungumza nafsi yake. Picha bila mazungumzo huenda ikabaki rangi tu. Mazungumzo bila picha huenda yakabisha mlango uliofungwa.

Haya si mageni, wala si ya Wazungu peke yao. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi pamoja, akaeleza kuwa mwenye huzuni hutibiwa kwa maneno mema ya watu na kwa fikira zake mwenyewe. Hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili mjini Edirne, Uturuki, iliyokamilika mwaka 1488, iliwatuliza wagonjwa wa akili kwa sauti ya maji na ya ala. Na hapa Kwale kuna kayamba la Wadigo. Masheikh wana hoja zao juu ya ngoma hiyo ya pepo, nami simo katika kuitetea. Lakini litazame umbo lake: wimbo kwanza, kisha kilichomo ndani hutakiwa kijitaje na kusema kitakacho.

Basi Gazi haina haja ya kuagiza vifaa ng'ambo. Miyaa ipo na ukili husukwa, hina ipo, na leso ipo, ambayo jina lake humsemea mke neno asilothubutu kulitamka. Kinachopungua ni msikilizaji. Barazani maneno hayana kufuli: yakitoka asubuhi, jioni yamefika Kinondo. Msikilizaji awe amefunzwa, awe amini, tena azijue dalili za ugonjwa unaotaka daktari. Mwenye kusikia sauti zisizokuwapo, au mwenye kutaka kujitoa roho, hatoshelezwi na kusuka mkeka.

Zamani mtu wa namna hiyo alikuwa na sababu ya kunyamaza, kwani kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba. Hofu ya kifungo imepungua. Iliyobaki ni aibu, na hiyo haina hakimu wa kuiondoa ila sisi wenyewe.

Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Nani atakayesema imani yake ilikuwa pungufu? Basi, msomaji, jirani yako aliyenyamaza usimwambie ajikaze. Mpe ukili ashike, keti naye, msikilize, uyahifadhi utakayoyasikia. Na ukiona mzigo umekushinda, fuatana naye hospitali kama ungalivyofuatana na mwenye homa.