Moyo wa Askari Mstaafu (2): Wa Kumfuata Nyumbani ni Askari Mwenzake

Juma lililopita tuliona jinsi presha inavyouchosha moyo. Chumba cha kushoto, ambacho ndicho kinachosukuma damu mwilini kote, hulazimika kufanya kazi kwa nguvu zaidi miaka nenda, miaka rudi. Ukuta wake hunenepa, kisha hulegea, na mzee aliyezoea kupanda vilima vya Mbizi bila kupumzika huanza kuhema njiani. Leo nauliza nani amfuate mzee huyo nyumbani kwake, kwa kuwa yeye mwenyewe zahanati haendi.

Haendi kwa sababu haumwi popote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na presha iliyopanda, na wengi wao hawakuwa kwenye dawa. Askari mstaafu ana sababu nyingine juu ya hiyo: alifundishwa kuvumilia. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978 sasa amevuka 65. Vita ile haikupiganwa na wanajeshi wa kudumu tu. Mgambo waliitwa kutoka mikoani, na baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979 wengi walirudi kwenye jembe. Mtu aliyelala mahandakini akarudi mzima si rahisi kumshawishi kwamba kitu asichokihisi kinaweza kumwangusha.

Ufipa, huku kwetu Rukwa, nayo ina mambo yake. Sumbawanga iko juu sana, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai pamoja na upepo wake hubana mishipa ya damu, hivyo presha ya mtu yuleyule inaweza kusoma juu zaidi kuliko wakati wa joto. Samaki wakavu kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika mara nyingi hufika sokoni wakiwa na chumvi tele, kisha jikoni wanaongezewa nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kuna pia tumbaku, ambayo wengi waliianza kambini, na pombe ya kimpumu ya jioni. Aliyedumu jeshini hadi kustaafu alikuwa akikimbia kila alfajiri. Mbio zilikoma siku alipokabidhi sare, lakini sahani ya ugali ilibaki na ukubwa uleule.

Mambo haya muuguzi kijana akimwambia, mzee huitikia kwa adabu na kwenda zake. Akiambiwa na mtu waliyepita naye depo, hawezi kumkwepa.

"Afande, vidonge umemeza leo?"

"Nilimeza juzi, nikajisikia vizuri."

"Hapo ndipo unapojidanganya. Lete hiyo pakiti tuhesabu pamoja."

Kazi ya askari huyo mwenza ni ndogo, lakini inataka utaratibu, na utaratibu askari anao. Humkalisha mwenzake dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimetulia chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, bila mazungumzo wala sigara nusu saa kabla. Hupima mara mbili na kuandika daftarini. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, humpeleka zahanati. Ikifika 180 kwa 120, au mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, kifua kikibana, hasubiri kesho. Hatoi dawa, na hamruhusu mtu kugawana vidonge na jirani. Pia huzungumza na mama wa nyumba, kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye anayetia chumvi chunguni.

Jambo hili limejaribiwa kwingine. Huko Seattle, Marekani, maveterani waliofunzwa waliwatembelea wenzao majumbani kwa mwaka mzima, katika utafiti wa watu 264 ambao matokeo yake yalichapishwa 2023. Presha haikushuka kwa tofauti ya kutosha ukilinganisha na wasiotembelewa, ila hali ya nafsi zao iliboreka. Matokeo hayo nayaeleza wazi, maana ukweli wa nusu haumsaidii mgonjwa. Sasa tazama Colombia na Malaysia, katika utafiti wa HOPE 4 uliotoka 2019. Huko kila mgonjwa alikuwa na ndugu au rafiki wa kumsimamia, lakini pia wahudumu wa afya waliokuja kumpima, na dawa za bure. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa takriban pointi 11 zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Magharibi mwa Kenya, mradi wa AMPATH wa Eldoret ulijaribu kuunganisha kliniki za vikundi na vikundi vya kuweka na kukopa, katika utafiti wa watu 2,890, na presha zilishuka katika makundi yote, hata kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba urafiki peke yake unatibu presha. Mwenzako akikukumbusha kumeza kidonge ambacho zahanati ya kijiji haina, amekuongezea uchungu tu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini. Rukwa ingefaa kuwapa wahudumu hao wastaafu wa kuandamana nao: mmoja Laela, mmoja Matai, mmoja Namanyere, na wengine kule bondeni Mtowisa, ambako masika humfungia mtu njia na simu ndiyo inayobaki. Siku ya Mashujaa, Julai 25, wastaafu wengi hukutana. Mashine mbili za kupimia na daftari moja vingetosha kuanzia hapo.

Juma lijalo: vidonge vya presha vyenyewe, jinsi vinavyofanya kazi mwilini, na kwa nini daktari huanza na kimoja akaongeza cha pili.