Gypsum Hailipi Deni

Wacha nikupee jibu mapema ndio usisome hadi chini ukilitafuta. Ile maisonette ya 12 mita kule Syokimau, four bedroom, all ensuite, DSQ nyuma, cabro hadi mlangoni? Usiinunue na mortgage. Ishi ndani. Lipa rent. Jiringe nayo kwa status kila Sunday, hakuna mtu atauliza title iko na nani. Lakini sign hapana. Sasa keti nikupigie hesabu, juu najua kuna ankoo mahali ashakujaza.

Kila family iko na huyo mzae. Anangoja ruracio, watu wakishajaza sahani, ndio aanze: "Kijana, bado unalipa rent? Unajengea mtu mwingine." Wazae wote wa Kanairo walifunzwa hiyo line na ticha mmoja. Na wanaitoa na kifua mbele, juu wao walipata keja enzi city ilikuwa inajengea watu wake. Buru Buru ilianza kupanda 1973, doh ya Commonwealth Development Corporation ikiwa ndani, na msee wa ofisi ya kawaida analipa mos mos mpaka keja inakuwa yake. Umoja nayo ikakuja na support ya Wamarekani. Mzae aliingia hapo na payslip moja na briefcase, leo anakushow ati alijinyima. Wewe unakatwa 1.5% ya mshahara kila mwezi ya Housing Levy na bado hujashikishwa hata ufunguo wa choo. Nani anajinyima hapo?

Lakini pita Buru leo, uangalie vizuri. Front garden imekuwa kinyozi. Kando yake M-Pesa, kando ya M-Pesa mathe wa smokie. Jirani amepandisha flat juu ya maisonette mpaka court nzima haioni jua. Sura iliisha kitambo. Na bado ukiuliza bei unashika ukuta. Kwa nini? Juu mat moja na uko tao. Shule iko hapo, soko iko hapo, title iko clean. Ilikuwa modern kushinda kila kitu mjini, na hakuna mtu anakumbuka tiles zake zilikuwa rangi gani. Buru haikuwa na gypsum, mtu wangu. Shika hiyo, tutaihitaji.

Sasa twende show house. Saturday, agent amekuchukua na van ya kampuni, soda baridi mkononi. Unafungua mlango, boom: double height, chandelier, gypsum ya step tatu, LED ya blue imepita kote. TV wall ya marble ya karatasi. Kitchen ni open plan, na island kati, stools nne za kupiga nazo picha. Dame wako ashaanza kupanga sofa kwa kichwa. Agent amenyamaza, anajua kazi yake imeisha.

Tulia. Hiyo island hakuna mtu atakulia hapo, nyinyi hukulia kwa kochi mkicheki series. Open plan ni tamu mpaka siku ya omena. Kaanga omena hapo Monday, Thursday visitor anakalia cushion na anajua mlikula nini. Double height nayo, balbu ikiungua unaita fundi na ngazi ya kukodi, na July hiyo baridi yote ya Syokimau inalala kwa sitting room yako. Kwa bedroom fungua wardrobe: ukivuta mlango mara mbili na bawaba inalegea, hiyo ni chipboard, maji ikiigusa inafura. Gonga ukuta wa kati. Panda juu, flush choo zote pamoja, usikie pressure. Alafu enda DSQ. Kitanda cha futi tatu na nusu kikiingia, mlango haufungi. Hapo ndipo unajua huyo developer anaonaje watu.

Na kitu moja hakuna mtu hufanya: onja maji. Sijakuambia uangalie tap. Onja. Hiyo side ya Syokimau, Mlolongo, Kitengela, borehole nyingi ni za chumvi. Chai inakataa. Sabuni haitoi povu. Instant shower ya kawaida inakufa mapema, ndio maana kwa duka za hardware kuna ile yake special ya salty water, na bei iko juu. Kila tap kejani inaota ukungu mweupe shingoni. Hiyo haiko kwa brochure. Utanunua maji ya kunywa kwa mtungi, ya kupika kwa bowser, na service charge iko pale pale ikikungoja mwisho wa mwezi.

Haya, chapaa. Hapa weka simu kando.

Tuseme keja ni 12 mita. Una 2 mita yako ya deposit, hongera, si mchezo. Bank inakushikia 10. Tuseme rate ni 14%, miaka 20, hiyo ni bei ya kawaida sana kwa market yetu. Kila mwezi unalipa karibu 124K. Mwezi wa kwanza, kwa hiyo 124K, 116K na ushee ni interest. Principal inaguswa na kitu 7,700. Umelipa doh ya kununua pikipiki, deni imepungua na bei ya viatu.

Ngoja, haijaisha. Endelea hivyo miaka tano bila kukosa hata mwezi. Umetoa karibu 7.5 mita. Unajua bank inakudai ngapi? 9.3 mita. Tangu mwanzo umeshusha 660K pekee. Ukifika mwisho wa miaka 20, umelipa karibu 30 mita kwa mkopo wa 10. Nyumba moja wewe, mbili bank. Alafu ankoo anasema rent ndio kutupa pesa. Wueh.

Na kuna vile vitu agent husema kwa sauti ya chini akikuelekeza kwa gari. Stamp duty: 4% mjini, 2% mashambani. Hapo kwa 12 mita ni 480K, cash, haiingii kwa mkopo hivi hivi. Wakili wako. Wakili wa bank, na ni wewe unamlipa. Valuer. Insurance ya nyumba na insurance ya maisha yako, ndio ukifa bank isilie. Ukiingia kabla hujaweka hata pazia umeshatoka na karibu mita ingine. Ndio, taxman anakuachia kakitu: interest hadi 30K kwa mwezi inatolewa kwa mshahara kabla ya kukatwa PAYE. Kwa msee wa bracket ya 30% hiyo ni 9K. Inanunua gas na shopping ya wiki. Usijengee maisha hapo.

Sasa swali la maana: hiyo keja kwa rent ni ngapi? Ukitembea ndani ya gate hiyo hiyo, usiulize agent, uliza soja. Soja anajua nani amehama na alikuwa analipa ngapi. Tuseme amekushow 55K. Basi msee ameweka 12 mita yake ndio akupee hiyo nyumba kwa 660K kwa mwaka. Hiyo ni 5.5%, kabla ya paint, kabla ya KRA kuchukua 7.5% yake ya rent. Na government, ukiikopesha kwa T-bill ama bond, imekuwa ikilipa poa kushinda hiyo bila kukupigia simu ati sink imeziba. Landlord wa maisonette anakusaidia, bana. Chukua hiyo offer na shukrani.

Ndio maana mortgage Kenya nzima ni karibu 30,000 tu, kulingana na Central Bank. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Si ati wasee hawataki keja. Hesabu ndio imewakataa, na wakaenda sacco.

Kuna mortgage za kuheshimika, nisikudanganye. Kenya Mortgage Refinance Company inapea bank na sacco doh ya bei ya chini ndio zikukopeshe kwa single digit. Mkopo ule ule wa 10 mita ukiwa 9% ni karibu 90K kwa mwezi, hiyo ni 34K imebaki kwa mfuko kila mwezi kwa miaka ishirini. Lakini iko na ceiling ya mkopo, iko na masharti, na si kila keja inaingia. Ukiipata, tuongee tena. Mimi si mtu wa kukataa nyumba. Nataka uwe na nyumba. Sitaki nyumba iwe na wewe.

Na hapa wacha nipunguze kelele kidogo, juu hii part imeua watu. Title.

November 2011, hapo hapo Syokimau, tingatinga ziliingia zikaangusha maboma ya watu, nyumba za kudumu, na wenyewe wamesimama nje na makaratasi mkononi. Ikasemwa hiyo ni ardhi ya airport. October 2023, Mavoko, ardhi ya East African Portland Cement, story ile ile: wasee walikuwa wameuziwa, wakajenga, wakahamia, court ikaamua, mabati yakalala chini. Kuna familia zililala kando ya vitanda vyao. Na mwaka huo huo, April, Supreme Court ilikuwa imemaliza ubishi kwa kesi ya Dina Management kule Mombasa: ukinunua plot ambayo mwanzo wake ulikuwa haramu, ile title yako haikuokoi, hata kama wewe mwenyewe ulinunua na roho safi. Soma hiyo tena pole pole.

Kwa hivyo search moja ya title haitoshi, ingawa ifanye, na uifanye mwenyewe, si agent. Tafuta wakili wako, si yule "wakili wetu atashughulikia nyinyi wote." Huyo amelipwa na nani? Mwambie arudi nyuma: nani alikuwa na hii ardhi kabla ya developer, na kabla ya huyo, mpaka pale government iliitoa. Pata map, pata surveyor, tembea hadi kwa beacon. Enda kwa chief na kwa duka, uliza mathe wa mboga ako hapo tangu zamani ardhi ilikuwa ya nani. Na kama ni nyumba kwa estate, uliza: napewa title yangu ama naingizwa kwa kampuni ya management nikipewa share? Sectional Properties Act ya 2020 inataka kila unit iwe na title yake. Akianza kusema "tuko kwa process," muulize process ilianza lini. Off-plan nayo, ile ya kuuziwa hewa na picha ya kompyuta, usilipe mbele ya kile kimesimama.

Fare? Uliza masaa, achana na kilomita. "Dakika ishirini na tano hadi tao" inamaanisha umepanda Expressway, Mlolongo hadi Westlands, na saloon end to end ni 500 bob. Enda na rudi, siku ishirini na mbili, hiyo ni hadi 22K kwa mwezi kabla hujaweka petrol. Ukikataa kulipa, karibu Mombasa Road ya chini. Amka saa kumi. Commuter train ya Syokimau inasaidia, lakini uliza gate yako iko mbali aje na station na nani atakutoa hapo usiku mvua ikinyesha.

Sasa plan. Hamia hiyo hiyo estate, lipa 55K yako. Ile tofauti, 69K ungekuwa unapelekea bank, peleka sacco, standing order, itoke kabla hujaiona. Hapa ndipo watu huanguka, na ndipo nakuomba usianguke: ukila hiyo 69K brunch, ankoo ameshinda. Ukishikilia miaka tano una zaidi ya 4.1 mita, ongeza ile 2 ya deposit na stamp duty hukulipa, uko na 6.6 kabla ya dividend. Huyo mwenzako wa mortgage saa hiyo bado anadaiwa 9.3.

Na ukiwa mpangaji hapo umejua kila kitu. Borehole hukauka mwezi gani. Gypsum ya nani inavuja. Chairman wa association anakula service charge ama hali. Umejua pia ni jirani yupi mortgage imemkalia, ameanza kupark gari bila kuiwasha, na bank imeanza kumwandikia barua. Huyo hataki kuona jina lake kwa auction page ya gazeti. Mwendee na heshima, na wakili, na 6.6 yako ya kuanzia. Bei hapo inaanza kuongea Kiswahili.