Picha ya ubongo na kipimo cha presha: kipi kianze?



Karibu kila kigango kina mzee ambaye zamani aliendesha mambo yake vizuri, na sasa anakosea chenji ya dagaa, anatembea kwa hatua fupi fupi, anachelewa kujibu, na kazi ya kupanga imemshinda. Majina ya wajukuu bado anayakumbuka, hivyo ndugu husema ni uzee tu. Wengine husema ni uchawi, na katika Kanda yetu ya Ziwa neno hilo limekwisha kuua akina bibi wengi.

Mara nyingi chanzo ni mishipa ya damu. Presha ya miaka mingi, kisukari na tumbaku huifanya mishipa myembamba iliyo ndani kabisa ya ubongo kuwa minene na migumu. Nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine hukosa damu ya kutosha na kuharibika polepole. Pengine mshipa huziba kabisa na kuacha kishimo kidogo. Hicho ni kiharusi kisicho na kupooza, na mwenyewe hakukisikia.

Madhara haya yanaweza kuonekana kwenye picha kabla mtu hajaanza kusumbuliwa. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku badala ya mionzi, huyaonyesha kama madoa meupe. Skani ya CT, inayotumia eksirei, huona mabaka makubwa na viharusi vya zamani, lakini madoa madogo huyapita. Hata hivyo wazee wengi wenye akili timamu wana madoa hayo. Kwa hiyo picha peke yake haitoi hukumu. Daktari huisoma pamoja na maelezo ya mgonjwa na familia.

Baadhi ya wafadhili wanaweza kuuliza: kwa nini tusichangie vipimo hivyo kwa wazee wote? Tuangalie Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwafuata vijijini wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Waliokutwa na ugonjwa wa kupoteza akili walikuwa 78, na kwa 32 kati yao ulitokana na mishipa ya damu. Wengi walitambuliwa kwa maswali na mazungumzo, bila mashine. Uchunguzi mwingine katika wilaya hiyo hiyo ulikuta karibu wazee 7 katika kila 10 wana presha ya juu.

Hapo ndipo fedha ya parokia ingefanya kazi zaidi, kwa maoni yetu: mashine ya presha inayofanya kazi kila kigango, na dawa zisizokatika. Nchini Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 9,000 wenye presha ulitoa matokeo mwaka 2019. Walioshushwa chini ya 120 walipata upungufu wa awali wa akili kwa kiasi cha asilimia 19 pungufu kuliko walioachwa chini ya 140, na madoa yao kwenye MRI yaliongezeka polepole zaidi. (Kwa ugonjwa kamili wa kupoteza akili tofauti haikuthibitika. Na asishushe mtu presha ya mzee bila daktari. Mzee akizunguzika huanguka.)

Wapo lakini wasiopaswa kusubiri picha: aliyebadilika ghafla au ndani ya wiki chache, aliyeanguka au kugongwa na pikipiki kichwani, mwenye kichwa kinachozidi kuuma, aliyelegea upande mmoja. Kwa hao skani ya CT inaweza kuonyesha damu iliyovilia chini ya fuvu au uvimbe, mambo ambayo pengine hutibika kwa upasuaji. Ulizieni kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, kabla ya safari ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilometa 200.

Mgonjwa aende na daftari la vipimo vyake vya presha na dawa zote anazotumia, za kienyeji pia. Aende na mtu anayeishi naye nyumba moja, si kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, maana daktari atauliza mabadiliko yalianza lini, na mzee mwenyewe atajibu kwamba hana tatizo lolote.