Ng'ombe wa Sikukuu Atakiwa Kibali

Ndugu msomaji, zamani huku Ankole ng'ombe wa sikukuu alihitaji vitu viwili tu: fimbo na kijana wa kumswaga. Fahali alifika kwa miguu yake mwenyewe, pembe zake ndefu zikitangulia kupiga hodi.

Siku hizi hutanguliwa na karatasi. Mchukue kijana wa Masha, wilayani Isingiro, aliyeoa Mbarara na ambaye amemwahidi baba mkwe ng'ombe wa Krismasi. Kwanza ni barua ya mwenyekiti wa kijiji, kuthibitisha kuwa mnyama si wa wizi. Kisha kibali cha daktari wa mifugo wa serikali. Daktari yuko vijijini anachanja; muhuri umo kabatini; na mwenye ufunguo amekwenda likizo. Kijana akaona heri ajaribu bahati yake kizuizini.

"Afande, huyu hauzwi. Ni zawadi ya mkwe."

"Kijana, ugonjwa hauulizi bei. Kibali kiko wapi?"

Wewe askari unayesoma haya usicheke sana, maana nawe una wakwe. Lakini mwenzako hakukosea. Ugonjwa wa miguu na midomo huwatoa ng'ombe vidonda ulimini na kwatoni, maziwa hupungua, ndama hufa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wilaya nyingi, Isingiro na Mbarara zikiwamo, ziliwekwa karantini. Minada ikafungwa, na kwa mfugaji mnada ndio karo ya watoto. Katika hali hiyo hata muhuri haufui dafu. Ninachokilaumu mimi ni lile kabati: wiki ya sikukuu ndiyo hasa lingepaswa kuwa wazi.

Wala msidhani ni shida ya Wakristo peke yao. Kule Nakivale, ambako wakimbizi wamepokewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wamo Waislamu wengi, na mbuzi wa Idi ana kwato zile zile.

Kuku ndiye aliyesalimika. Yeye hana kwato, na ugonjwa huu haumpati. Basi kijana wetu akamfunga jogoo miguu, akampandisha bodaboda hadi Mbarara. Baba mkwe akampokea kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akauliza kwa upole:

"Na pembe zake, mwanangu?"

"Ziko Masha, baba. Zinakungoja uje uzitazame."